Mtazame Fundi wa Polishi Kwenye Plastiki

Ukitaka kumjua fundi wa polishi hapa Kabiria, Dagoretti, jijini Nairobi, usianzie kwenye boneti. Boneti ni bati pana lililo laini, na mwenye mashine na subira kidogo ataling'arisha. Nenda moja kwa moja kwenye plastiki nyeusi isiyopakwa rangi: bampa ya Probox ya zamani, vishikio vya milango, sehemu ya chini ya vioo vya pembeni, matao ya magurudumu ya Subaru Outback. Hapo ndipo polishi iliyokauka hung'ang'ania, nyeupe kama chaki, na hapo ndipo utaona kama fundi anaipenda kazi yake au anaikimbiza.

Plastiki hiyo kwa kawaida ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na kiwandani huumbwa makusudi ikiwa na vinundu na mifereji midogo ili isimeremete. Polishi nayo ina chembe ngumu, mara nyingi za alumina, zilizochanganywa na maji, mafuta na pengine nta. Maji yakishakauka, chembe hubaki zimenaswa mferejini na nta ikizigandisha. Kitambaa hupita juu ya vinundu tu. Ukikazana kufuta, unazishindilia zaidi.

Kabla hujamlaumu mtu, hakikisha weupe huo ni wa polishi kweli. Nairobi iko karibu na ikweta, tena zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na jua la hapa huichosha plastiki haraka. Plastiki iliyochoshwa na jua hupauka sawasawa, hasa upande unaotazama mbingu, huku upande wa chini ukibaki mweusi. Polishi hufuata mkono wa mtu. Utaona mapinde, michirizi, na mstari mwembamba pale plastiki inapokutana na bati lenye rangi. Utaiona hata nyuma ya kishikio cha mlango, mahali jua halifiki. Mpauko wa jua si kosa la fundi, na hakuna brashi itakayouondoa.

Maji huficha weupe wa aina zote mbili. Kwa hiyo gari likikabidhiwa likiwa bado linachuruzika, sema tu, "Fundi, hebu tungoje likauke." Fundi mzuri hatakasirika, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayelisogeza juani.

Mafuta huficha pia, na haya ni hatari zaidi kwa sababu hayakauki upesi. Plastiki ikipakwa silikoni hung'aa na mteja huondoka amefurahi. Chukua karatasi nyeupe ya tishu uipitishe kwenye bampa. Ikitoka na unga mweupe, polishi bado ipo. Ikitoka na utelezi, umeuziwa kifuniko. Na usipopima wewe, barabara itakupimia: vumbi jekundu la Dagoretti hunata kwenye mafuta, na katika kiangazi cha Januari bampa itakuwa na rangi ya udongo muda mfupi tu baada ya kutoka hapo. Tishu ikitoka safi, na plastiki ni nyeusi iliyofifia, isiyong'aa, vile ilivyotoka kiwandani, mlipe fundi huyo bila kubishana bei.

Kazi yake huanza kabla ya mashine kuwashwa. Hubandika tepu ya karatasi kwenye kila ukingo wa plastiki, kazi inayochosha na ambayo wateja wachache huiona. Mimi huitazama kwanza kuliko yote. Polishi ikiruka hata hivyo, huifuta ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, hutumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mswaki laini, akiuzungusha pande zote kwa kuwa mifereji haielekei upande mmoja. Hufuta, hungoja ikauke, hutazama, hurudia. Nta ikikaidi, huloweka kitambaa kwa spiriti kidogo na kujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kwa mistari midogo, raba nyeupe ya penseli hufanya kazi nzuri ajabu.

Wapo wanaosifu siagi ya karanga. Ni kweli mafuta yake hulainisha nta, lakini lazima nayo yaoshwe, na sioni faida ya kuongeza uchafu wa pili. Petroli na thina mkatalie kabisa: huvimbisha raba za madirisha, huweza kuiharibu plastiki yenyewe, na mvuke wake hushika moto. Brashi ya waya na msasa husawazisha vinundu, kisha pale hubaki kiraka kinachomeremeta ambacho hakuna sabuni itakayokirudisha. Moto unaopitishwa ili kurudisha weusi nao huyeyusha uso wa plastiki. Weusi unaoletwa hivyo haudumu.

Ukikuta weupe, mwombe arudie kabla hajapaka chochote. Silikoni ikishakaa juu, itabidi iondolewe yote kwanza ndipo mswaki uifikie polishi iliyo chini.