Shibiri Moja ya Weusi

Ukisimama ukingoni mwa shimo la dhahabu huko Salamabila, eneo la Kabambare mashariki mwa Kongo, usikimbilie kutazama chini. Tazama ukuta. Juu kabisa kuna utepe mweusi, pengine haufiki shibiri, umejaa vizizi vyembamba kama nywele. Chini yake udongo mwekundu unashuka mita kadhaa bila kubadilika sana. Zinafuata changarawe za rangi ya kutu, kisha mwamba uliooza: ukiubonyeza unapondeka, lakini michirizi yake ya zamani bado inaonekana. Mchimbaji anayataka mawe meupe yenye dhahabu ya huko chini. Mkulima anaishi kwa ule utepe wa juu, na mara nyingi wote wawili ni mtu mmoja.

Ukuta huo umefanywa na joto na mvua. Maji yanayopita kwenye majani yaliyooza huwa na ukali kidogo, nao kwa muda mrefu ajabu umeutafuna mwamba. Kalisi, potasiamu na magnesi zikayeyuka, zikateremkia mitoni. Kilichobaki ni mfinyanzi usioweza kushika chakula kingi, pamoja na aluminiamu na chuma. Wekundu ule ni kutu. Hata fosforasi kidogo iliyopo, chuma huikamata mimea isiipate. Kwa hiyo kina kinadanganya: mita 10 za udongo, ghala tupu. Aliyelima Masisi, kwenye udongo wa volkano usio na umri mkubwa, akija Kabambare na mazoea yaleyale atashangaa mwaka wa tatu.

Akiba ya huku imo ndani ya msitu wenyewe. Jani linaanguka, linaoza, mizizi inalidaka kabla mvua haijaliiba. Anayefyeka na kuchoma anaivunja benki hiyo: jivu linapunguza ukali wa udongo na kuupa potasiamu na kalisi, ingawa nitrojeni imeondoka na moshi. Ndiyo maana mpunga, ambao Kasongo imeujua tangu siku za waungwana, wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki, katika karne ya 19, hupandwa mapema, na muhogo huachiwa mwisho, jivu likiwa limekwisha. Kisha shamba hulala.

Wakoloni wa Kibelgiji walitambua kwamba shamba linahitaji kulala. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilibuni huko Yangambi kilimo cha vichochoro: mashamba marefu yenye upana wa kama mita 100, yakipishana na msitu ambao ungerudisha mbegu na kivuli. Kisayansi ulikuwa mpango mzuri. Kwa macho yangu, ulikuwa desturi ya wanakijiji iliyonyooshwa kwa kamba, ikaja sambamba na pamba ya lazima. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nani angebaki kushika kamba?

Turudi shimoni. Udongo ukitolewa na kutupwa ovyo, kilichotoka mwisho ndicho kinachokaa juu. Shamba limepinduliwa: mwamba uliooza unapigwa jua, na ule weusi umezikwa mahali mizizi ya mahindi haitaufikia. Kuirudishia ardhi weusi huo kwa njia yake ya kawaida huchukua mamia ya miaka kwa sentimita chache.

Dawa inaanza kabla ya sururu. Shibiri ya kwanza inakwanguliwa na kuwekwa kando, lundo lake peke yake, mbali na njia ya maji, na inarudi ya mwisho. Isikae miaka, maana vijidudu vilivyomo hufa ndani ya lundo refu. Juu yake zipandwe karanga au mbaazi, ambazo hujitafutia nitrojeni hewani, na yatandazwe majani mabichi ya alizeti mwitu, ile ya maua ya njano inayoota kandokando ya barabara. Majani yake huoza upesi na yana fosforasi nyingi kuliko ya vichaka vingi.

Na kichuguu kilicho shambani kisisawazishwe bure. Mchwa wamepandisha mfinyanzi wa chini, mara nyingi wenye kalisi zaidi ya udongo unaokizunguka. Huko Katanga, ambako vingine hufika mita 8, wakulima huvipanda mazao. Panda mahindi machache ubavuni mwa kimoja, ulinganishe rangi ya majani na yale ya tambarare.