Kibaba cha Mfuto na Mkono Upimao

Si aghalabu vitabu vya uchumi kuletwa mbele ya baraza la washairi. Huachiwa mawaziri, mabenki na wahadhiri, kana kwamba lugha yake ni ya tarakimu tupu, isiyo na sitiari wala taswira ya kuhojiwa. Kitabu cha Kate Raworth, Doughnut Economics, kilichotoka mwaka 2017, kimekuja barazani chenyewe. Hoja yake ya kwanza ni kwamba wanauchumi hutawaliwa na picha kuliko wanavyotawaliwa na hoja, na kwamba atakaye kubadilisha sera sharti kwanza abadilishe mchoro ulio vichwani mwa wanaozitunga. Hoja hiyo ni ya kishairi, basi ni haki kitabu kupimwa kwa kipimo cha mashairi. Je, taswira yake yaweza kuubeba mzigo iliotwikwa? Na ikivuka bahari ikaja kusemwa kwa Kiswahili, hubakiwa na nini?

Kukisoma kitabu hiki visiwani si kukibambikiza ugeni. Baina ya mwaka 1994 na 1997 Raworth alifanya kazi Zanzibar, akishughulika na uendelezaji wa biashara ndogondogo. Baadaye alihamia Umoja wa Mataifa, kisha shirika la Oxfam, na akiwa huko, mwaka 2012, ndipo alipouchapisha mchoro wake kwa mara ya kwanza.

Mchoro wenyewe ni maduara mawili, moja ndani ya jingine. La ndani ni msingi wa jamii: mambo 12 yasiyompasa mtu kuyakosa, yakiwamo chakula, maji, afya, elimu, makaazi, kipato na kazi, haki na sauti katika mambo ya nchi. La nje ni dari ya mazingira: mipaka 9 iliyoainishwa mwaka 2009 na wanasayansi walioongozwa na Johan Rockström, ikiwamo tabianchi, uhai wa viumbe, matumizi ya maji baridi na kuongezeka kwa asidi baharini. Aliye katika tundu la kati amepungukiwa. Jamii iliyolivuka duara la nje inakula zaidi ya kile dunia inachoweza kukirudisha. Baina ya kingo hizo mbili, kwenye unga wenyewe wa donati, ndipo penye salama na haki.

Raworth auweka mchoro huu badala ya picha mbili za zamani. Ya kwanza ni ule mzunguko wa fedha baina ya kaya na makampuni uliomo katika kitabu cha kiada cha Paul Samuelson cha mwaka 1948, usio na jua, maji wala udongo, wala kazi ya mama jikoni. Ya pili ni mstari wa pato la taifa upandao bila ya kuulizwa unakwenda wapi. Simon Kuznets, aliyeiandalia Marekani hesabu za pato hilo mwaka 1934, alionya papo hapo kwamba ustawi wa watu haupimiki kwa tarakimu hizo. Onyo likasahauliwa, hesabu ikashikwa.

Ubora mkubwa wa taswira ya Raworth ni hizo kingo mbili. Mahubiri mengi ya mazingira hujua ukingo mmoja tu, ule wa juu, nayo humwambia kila mtu apunguze. Mahubiri mengi ya maendeleo nayo hujua ule wa chini tu, yakamwambia kila mtu aongeze. Kuziweka amri hizi mbili katika mchoro mmoja, ambao hata mtoto wa skuli ataufahamu kwa kuutazama, ni kazi isiyofaa kubezwa.

Tatizo la mfasiri ni jina. Donati yenye tundu ni kitafunwa cha ugenini. Kaimati na mandazi hayana tundu, wala tundu la kitafunwa halimwambii msomaji wa pwani habari ya njaa. Taswira inayodai maelezo ya kurasa mbili kabla ya kufahamika imekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake.

Lakini Kiswahili kina kipimo chake, na kina jina lake. Wauzao nafaka wanajua kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele hujazwa hata punje zikafanya kichuguu juu yake. Cha mfuto hufutwa kwa kiganja kikawa sawasawa na mdomo wa chombo. Uchumi wa pato lisilokoma ni uchumi wa tele: kichuguu juu ya kichuguu, na punje zinazomwagika hazihesabiwi. Uchumi anaoutaka Raworth ni wa mfuto. Ukingo wa chini nao una jina kali, kupunja, kosa lililotengewa sura nzima katika Kurani. Apunjaye amedhulumu, na azidishaye amefanya israfu. Hata methali ya haba na haba, inayotajwa kila linapohimizwa limbikizo, inasema kwamba kibaba hujaa. Haikusema kwamba hakijai.

Wapenzi wa mashairi wana ushahidi ulio karibu zaidi. Mshororo wa mizani 16 ukipungukiwa ni kilema, ukizidi ni kilema vilevile, na shairi likaitwa guni. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo ushairi wetu umedumaa. Kinachokua ndani ya mizani ni maana, wala si urefu. Wanauchumi kama Herman Daly walitumia miaka mingi kuwaeleza wenzao kwamba kukua ni jambo moja na kustawi ni jingine. Mtu aliyelelewa katika bahari za mashairi angelifahamu hilo kwa kikao kimoja.

Hata hivyo, hapa pana mtego, na atakayekifasiri kitabu hiki yampasa auone. Neno lijalo upesi mdomoni ni kinaa. Ni neno zuri, lenye adabu ya dini na ya wazee, lakini limezoea kuhubiriwa kwa wasio nacho. Mwenye kasri hahimizwi kukinai. Huhimizwa yule anayengoja zamu ya maji bombani. Sera ya mazingira ikifasiriwa kwa neno kinaa peke yake, bila ya neno kupunja pembeni yake, itakuwa wimbo wa kuwalaza wenye njaa. Ukingo wa ndani wa Raworth ndio unaouzuia wimbo huo usiimbwe: hakuna haki ya kumwambia mtu atosheke kabla hajatoshelezwa.

Je, mchoro wenyewe waistahimili dunia ilivyo? Mfano ulio bora ni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mashariki ya Unguja, pande za Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji ya bamvua yakipwa, wao huteremka pwani kufunga mbegu katika kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi, na kuvuna. Mwani hukaushwa ukasafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa utomvu wa kugandishia vyakula, dawa za meno na vipodozi. Aina iitwayo kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji ya kina kifupi yakizidi joto, aina hiyo ilianza kufa kwa maradhi yanayoyageuza matawi kuwa meupe mpaka yakakatika. Ikabaki spinosamu, yenye bei duni. Atakaye kuipanda kotonii imempasa aifuate kwenye kina, na kina chataka chombo na kujua kuogelea. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na kimoja wala kingine.

Mwanamke huyu yuko wapi katika mchoro? Kwa kipato, yumo tunduni. Lakini lililomtia humo ni joto la bahari, jambo la ukingo wa nje, na joto hilo hakulifanya yeye. Mchoro umeziweka kingo hizo mbali, moja katikati na moja pembezoni, na unga mwingi baina yake. Katika maisha ya mkulima wa mwani zinakutana mahali pamoja, katika maji ya magotini. Kuvuka kwa mmoja ndiko kupunjwa kwa mwingine.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya taswira ya Raworth. Donati huonekana kutoka juu, kwa jicho la aliye angani, na kutoka juu mikono haionekani. Kitabu chasema “sisi” mara nyingi: sisi tumevuka, sisi yatupasa turudi. Nahodha na utingo wakisema “sisi” jahazi linapozama, neno ni moja, lakini aliyeshika usukani ni mmoja tu. Kibaba kina ubora huu juu ya donati, kwamba hakijipimi. Akitajwa kibaba, swali hufuata lenyewe: mkono upimao ni wa nani?

Haki yataka isemwe kwamba Raworth si mgeni wa swali hilo. Sura yake ya tano yakataa kungojea utajiri uenee wenyewe, na yataka umiliki wa ardhi, biashara, teknolojia na maarifa ugawanywe tangu mwanzo. Mwaka 2025, yeye na Andrew Fanning walichapisha katika jarida la Nature hesabu inayozitenganisha nchi: asilimia 20 ya nchi zilizo tajiri kabisa, zenye asilimia 15 ya watu wa dunia, zinasababisha zaidi ya asilimia 40 ya uvukaji wa dari, asilimia 40 zilizo maskini kabisa, zenye asilimia 42 ya watu, zinabeba zaidi ya asilimia 60 ya upungufu. Hapo mkono umeanza kuonekana. Lakini umeonekana katika majedwali, na kitabu ndicho kilichofundisha kwamba kinachobaki kichwani ni picha.

Jambo hili si la wapenda maneno tu. Zanzibar ina Sera ya Uchumi wa Buluu tangu mwaka 2020, na chini ya jina hilo wameketi pamoja uvuvi, mwani, bandari, utalii, hata mafuta na gesi. Buluu ni rangi, haisemi kiasi. Rangi yaweza kupakwa juu ya tele na juu ya mfuto, na mwenye hoteli na mwenye kamba za mwani wakaambiwa kwamba uchumi wao ni mmoja, ilhali ufuko wanaougombea ni ule ule.

Mfuto nao si ndoto. Vijiji kadhaa vya visiwa hivi, Kisiwa Panza cha Pemba kikiwa kimojawapo, vimekuwa vikiifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha vikaifungua. Hapo kiganja kinachofuta kibaba ni cha wenye kibaba. Hata hapo yafaa kuuliza siku ya kufungua anafaidi nani: mzamiaji mwenye chombo, au mwanamke atembeaye mwambani kwa miguu na mti wake wa kuchokolea?

Kitabu cha Raworth chastahiki kufasiriwa, na kufasiriwa karibuni. Kimewapa watunga sera jambo walilokuwa hawana, yaani kipimo chenye chini na juu. Atakayekileta katika Kiswahili asiilete donati. Alete kibaba cha mfuto, na asiusahau mkono. Pasipo mkono, kipimo kilicho sawa kabisa chaweza kushikwa na mpunjaji, na mnunuzi akarudi nyumbani na pungufu huku akisifu usawa wa chombo.