Tuta, Mtaro na Korongo: Uhakiki wa Istilahi za Ramani ya Matengenezo

Ramani ya karatasi ilikuwa na bwana wake. Mhandisi wa wilaya aliitundika ukutani, na hata kama maneno yake yalikuwa na kasoro, yeye alijua kila alama ina maana gani. Ramani ya kompyuta haina bwana mmoja. Inasomwa na watu wa barabara, wa maji, wa umeme na wa mipango miji, kila mtu ofisini kwake, nayo inakusudiwa kuwapatanisha, ili huyu asifukue leo alipofukia mwenzake jana. Hawa hawakutani; kinachokutana ni maneno yao. Kwa sababu hiyo tunaona istilahi za ramani hizi zinastahili kuhakikiwa kwa ukali kuliko zilivyohakikiwa hadi sasa.

Tuanze na neno tuta. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulibomoa tuta lililoukinga mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Hilo ni tuta la mto. Lakini mkulima naye hulima matuta ya viazi, reli hupita juu ya tuta, na dereva akisikia tuta hukanyaga breki. Katika mazungumzo hakuna taabu, maana mahali na mazungumzo yenyewe hufafanua. Katika ramani, maelezo yasemayo “tuta limemomonyoka” yanaweza kupelekwa kwa mtu wa barabara, naye akayaweka chini ya faili kwa kudhani kuwa ni kile kinuko cha kupunguza mwendo wa magari, huku masika yakikaribia. Tungependekeza kwamba neno hili lisiandikwe kamwe peke yake katika ramani: liwe tuta la mto, tuta la reli, au tuta la barabarani. Urefu wa istilahi si dhambi pale ufupi unapozamisha mji.

Mtaro na mfereji ni jozi yenye matata zaidi. Wengi wetu tunayatumia kama visawe. Mpwani wa Mombasa, hata hivyo, akisema mfereji aghalabu anakusudia bomba la kuchotea maji, na mwalimu wa jiografia anakusudia Suez. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika katika kuchora mitaro, barabara na majengo. Jina lenyewe tunalisifu: huria ni neno lililokwisha kuzoeleka katika soko huria na Chuo Kikuu Huria, na limebeba hapa wazo la ramani isiyofungiwa kabatini. Lakini ramani ya dunia nzima ambamo kazi hiyo iliingizwa, OpenStreetMap, ina lebo za Kiingereza, na Kiingereza hicho hutenga mkondo uliojengewa zege na ule uliochimbwa tu udongoni. Mfasiri anayeandika mtaro kwa yote mawili anafuta tofauti ambayo fundi anaihitaji, kwani mmoja huzibuliwa kwa koleo na mwingine huhitaji saruji.

Sasa tupande kutoka Kidodi hadi milima ya Vidunda, ambako hakuna zege la kutosha kuleta ubishi huo. Huko kuna makorongo, makavu karibu mwaka mzima, yanayogeuka kuwa maji ya kutisha mvua zikinyesha. Mchoraji akiliita korongo mtaro, atakuwa amemtwisha mtu wajibu wa kulisafisha, ingawa hakuna aliyelichimba. Akiliita mto, shauri linahamia Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Na pale korongo linapokata barabara ya wilaya, kazi ni ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Likikata barabara kuu inayopita Mikumi, ni ya TANROADS. Neno moja, basi, huchagua ofisi na fungu la fedha. Korongo liandikwe korongo.

Hapo lipokatapo barabara pana kalavati. Au ni karavati? Maandishi ya serikali yana yote mawili. Msomaji husamehe, kompyuta haijui kusamehe. Atakayetafuta makalavati yote ya Mikumi hatayaona yaliyoandikwa kwa r, na kwake yatakuwa hayapo. Sisi tunapendelea l, lakini tungekubali hata r kuliko kuendelea na zote mbili.

Haifai tulaumu tu. Watu wa barabara wametupa matengenezo ya sehemu korofi, istilahi ambayo hakuna kamati ingeweza kuipata ikiwa imekaa mezani: barabara imepewa tabia ya mtu, na kila mwanakijiji anaelewa bila ya kufafanuliwa. Laiti miundombinu ingalizaliwa hivyo. Mpaka leo tukiulizwa mbinu imeingiaje humo tunababaika.

Kwa kuwa ni desturi yetu kutafuta katika lugha za Kibantu kabla ya kukopa ng’ambo, tunawaomba walimu wa Vidunda na Kidodi watuletee maneno ya Kividunda yanayotenga korongo la msimu na kijito kisichokauka, pamoja na mfano wa sentensi kwa kila neno.