Jibu Linalotoka Kwenye Fizi

Novemba 2019, Bunge lililoketi Dodoma lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Umri wa kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi ulishuka kutoka miaka 18 hadi 15, na mtu akaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe, nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Kipimo kilichozoeleka kwa kazi hiyo ni cha mdomoni, OraQuick, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa ithibati Julai 2017. Hakuna sindano wala tone la damu. Unapitisha pedi bapa kwenye fizi za juu mara moja, za chini mara moja, unatumbukiza kifaa kwenye kichupa cha kimiminika, unasubiri dakika 20.

Wepesi huo umezaa swali ambalo watoa huduma wa ngazi ya jamii hulisikia sana: ikiwa mate yanaonyesha VVU, si ina maana mate yanaambukiza? Swali ni la haki kabisa, na jibu lake ndilo linaloeleza ufundi wote wa kifaa hiki.

Pedi haitafuti kirusi. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Wala haitegemei sana mate yenyewe. Mate yanayotoka kwenye tezi yamejaa kingamwili za aina ya IgA, ilhali kipimo hiki kinalenga IgG, ambazo makazi yake ni damu. IgG huchuja taratibu kutoka kwenye mishipa midogo, zikapenya utando wa kinywa na kile kijifereji kati ya jino na ufizi. Ndiyo maana maelekezo yanasisitiza fizi, si ulimi wala shavu. Kinachokusanywa ni majimaji ya damu yaliyochujwa, yakiwa na IgG pungufu mara mamia kuliko damu yenyewe. Kuyanasa yakiwa membamba kiasi hicho ni kazi kubwa.

Kazi hiyo hufanywa na kitepe kilichomo ndani ya kifaa. Kimiminika kinapopanda hukutana na chembe ndogo mno za dhahabu zilizofungwa protini inayoshika IgG. Mbele yake, kwenye alama ya T, zimepachikwa vipande vya protini vilivyoundwa kufanana na vya VVU. Kingamwili za VVU zikiwepo, hunasa pale pamoja na dhahabu yake, na mstari mwekundu unajitokeza. Mstari wa C unathibitisha kwamba kimiminika kimepita na kifaa kimefanya kazi. C peke yake ni hasi. C na T, hata kama T imefifia, ni dalili ya maambukizi inayotakiwa kuthibitishwa kwa damu kituoni. C isipotokea, kipimo kimeharibika. Kusoma kunafanyika kati ya dakika ya 20 na ya 40. Nje ya hapo usiamini unachokiona.

Je, kinaaminika kiasi gani? Katika majaribio ya Marekani yaliyotangulia idhini ya mwaka 2012, watu wa kawaida walipojipima, kifaa kiliwatambua asilimia 92 ya wenye VVU, na kwa wasio navyo kilikosea mara moja tu katika 5,000. Tuzilete tarakimu hizo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima Tanzania wanaishi na VVU, na asilimia 82.7 kati yao wanajua hali zao. Katika watu wazima 1,000, basi, 44 wana VVU, 36 wanajua, 8 hawajui. Hao 8 ndio kifaa hiki kilitengenezewa. Wakijipima wote, 7 watapatikana na mmoja huenda akapita. Kwangu mimi hiyo ni faida kubwa, kwa sababu wengi wa hao 8 wasingekanyaga zahanati. Lakini yule mmoja ni mtu, na mara nyingi ni aliyeambukizwa karibuni, ambaye kingamwili zake hazijatosha. Kwa hiyo aliyejiweka hatarini anarudia baada ya miezi 3. Anayetumia ARV asikitumie kabisa: dawa huweza kupunguza kingamwili, akapata jibu hasi la uongo na kuacha tiba.

Kinywa hakibebi kila habari kwa namna moja. Kwa kifua kikuu, mate ni sampuli mbovu. Mgonjwa huelekezwa akohoe kutoka kifuani, kwa kuwa vimelea viko kwenye makohozi. Kwa meno, mate yenyewe ndiyo shahidi: mtu akiketi ameinamisha kichwa na kuyaacha yadondoke kwenye kichupa, yakiwa chini ya mililita 0.1 kwa dakika, kinywa chake kimekauka na meno yake yako hatarini kuoza. Hakuna mashine inayohitajika hapo, saa na kichupa chenye vipimo vinatosha. Kliniki za meno za wilaya zingeweza kuanza hata kesho.

Katika uwanda wetu wa kati lipo jambo moja la kiufundi ambalo halipewi uzito unaostahili. OraQuick hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 30. Oktoba na Novemba, mchana wa Dodoma huvuka 30, na ndani ya boksi la bodaboda linaloelekea Bahi au Mpwapwa joto huzidi hapo sana. Vifaa visafirishwe alfajiri, stoo ya zahanati iwe na kipimajoto ukutani, na kila siku mtu aandike kinachosomeka.