Hakuna Aliyeuliza Habari za Bernie

Katika chuo cha theolojia tulichosoma kulikuwa na kabati moja la vitabu visivyohusu somo lolote. Ndimo tulimokutana na riwaya ya P. D. James, An Unsuitable Job for a Woman, iliyotoka mwaka 1972. Kwa lugha yetu tungesema "Kazi Isiyomfaa Mwanamke". Wakati ule tuliisoma usiku kucha kwa hamu ya kumjua muuaji. Mwaka huu tumeisoma tena, muuaji tukiwa tunamjua, na tumekuta kitabu kingine.

Cordelia Gray ana miaka 22. Asubuhi moja anafika ofisini London na kumkuta Bernie Pryde, mwenzake katika kazi ya upelelezi wa kujitegemea, amejiua kwa sababu ya saratani. Amemwachia binti ofisi isiyo na wateja na bastola isiyo na kibali. Watu wanamwambia tena na tena kwamba kazi hii si ya mwanamke. Sisi tuliosikia maneno hayo hayo yakisemwa juu ya mama anayevaa kanzu ya uchungaji hatuna haki ya kuwacheka Waingereza.

Mteja anapatikana. Sir Ronald Callender, mwanasayansi wa Cambridge, anataka kujua kwa nini mwanawe Mark, aliyeacha chuo kikuu akawa mtunza bustani, alijinyonga. Wasomaji mtusamehe, hatuwezi kusema la maana bila kufichua mwisho. Mark hakujiua. Baba yake alimuua, kisha akaupanga mwili ili kifo kionekane cha aibu. Kijana alikuwa amegundua kwamba mke wa Sir Ronald hakuwa mama yake mzazi, na ukweli huo ulitishia fedha zilizoendesha maabara ya baba. Siri ilikuwa ndani ya Kitabu cha Sala cha Kianglikana alichoachiwa na marehemu huyo: kundi la damu lililoandikwa kwenye ukurasa wa sala ya Mtakatifu Marko. James mwenyewe alikuwa Mwanglikana aliyeipenda liturjia ya zamani, na bila shaka alifurahi kuuficha ufunguo mahali pale.

Kisha Bibi Leaming, katibu wa Sir Ronald, ambaye ndiye mama mzazi wa Mark, anampiga risasi Sir Ronald. Cordelia anamsaidia kulifanya tendo lile lionekane ni kujiua, na anawadanganya polisi.

Hapa Amri ya Nane inatusimamisha. Wapo watakaomtetea kwa mfano wa Shifra na Pua, wale wakunga waliomdanganya Farao. Hatukubali. Wakunga wale waliokoa watoto wachanga. Cordelia anamlinda mtu aliyekwisha kuua, tena kwa uongo unaofanana na ule wa Sir Ronald: kuyavika mauaji vazi la kifo cha namna nyingine. Na anayeulipia uongo huo ni Mark. Mbele ya watu anabaki kijana aliyejinyonga. Sisi tunaofahamu jinsi minong'ono inavyozunguka jeneza la namna hiyo, na familia inavyokaa nayo miaka, tungetamani mwandishi angekaa zaidi na jambo hili. Analipita haraka, na huo ndio udhaifu mkubwa wa kitabu, ingawa huruma yake kwa mama mzazi ni ya kweli.

Lakini kurasa za mwisho zimetushinda. Cordelia anahojiwa na Adam Dalgliesh, afisa mkuu wa polisi, na anasimama imara katika uongo wake. Kinachomvunja ni habari kwamba Bibi Leaming amekufa katika ajali ya gari. Ndipo anapolia, na katika kilio chake analeta shtaka ambalo hakuna aliyelitazamia. Bernie aliwahi kuwa chini ya Dalgliesh, akafukuzwa kazi. Hadi anakufa alikuwa akinukuu mafundisho ya bwana wake kwa heshima. Na bwana yule, baada ya kumfukuza, hakuuliza tena habari zake. Labda kumfukuza kulikuwa haki, wala Cordelia habishani na hilo.

Katika usharika mmoja tuliohudumu, mzee mmoja alikosea katika hesabu za sadaka. Baraza lilikaa, likamwondoa katika uzee na kumweka chini ya marudi ya kanisa. Tuliamua kwa haki, na hata leo tungeamua vivyo hivyo. Tulipomaliza kusoma tulikwenda kulifungua daftari la baraza la mwaka ule. Jina lake lipo, sababu ipo, na sahihi zetu tatu zipo. Tuligeuza kurasa hadi mwisho wa daftari, na hapakuwa na neno jingine juu yake.