Ufundi wa Kuliwasha Trekta Kuukuu Kwenye Baridi Kali

Bonde la mto Red River, unaopita mpakani mwa Minnesota na North Dakota nchini Marekani, ni tambarare tupu isiyo na kilima cha kuuzuia upepo. Mwezi wa Januari kipimajoto huko huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Theluji ikianguka usiku huziba njia ya kutokea nyumbani, na zizini ng'ombe wanangoja majani makavu. Bado kuna mashamba ambako kazi hiyo ya alfajiri hufanywa na trekta la petroli lililoundwa miaka ya 1940: Ford 8N la kijivu na jekundu, Farmall H, au John Deere la silinda mbili ambalo mdundo wake husikika hadi kwa jirani. Ford 8N peke yake yaliundwa zaidi ya nusu milioni, kati ya 1947 na 1952. Kwamba mengine yangali yanafanya kazi ni sifa ya chuma chake, lakini kwangu mimi sifa kubwa zaidi ni ya watu wanaojua kuyawasha.

Asubuhi ya namna hiyo betri humpa mtu mizunguko michache tu ya injini, na fundi ni yule asiyepoteza hata mmoja. Joto likifika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya risasi na asidi hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Wakati huohuo oili ndani ya injini imeganda kama samli asubuhi ya Julai kule Makete, Tanzania, na stata inadaiwa nguvu kubwa kuliko ilivyozoea. Mzigo umeongezeka pale pale msaada ulipopungua. Petroli nayo imegoma, kwa kuwa kinachoungua ndani ya silinda ni mvuke wake, na kwenye baridi kali petroli nyingi hubaki matone yanayoshikamana na kuta za bomba la kuingizia hewa.

Ford 8N linatumia umeme wa volti 6, na hapo ndipo wengi wanapolilaumu bure. Volti zikiwa nusu, mkondo wa umeme lazima uwe mara mbili ili kazi ileile ifanyike, na upotevu ndani ya waya huwa mara nne. Mtu akifunga nyaya nyembamba za gari la volti 12, stata itajikokota hata betri ikiwa mpya. Nimeona matrekta yaliyohukumiwa kuwa yamekufa yakizunguka vizuri baada ya kupewa nyaya nene na kukwanguliwa kutu pale waya unaposhika bodi. Na ikumbukwe kwamba kwenye trekta hili upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo.

Sehemu kubwa ya ufundi huu hufanyika jioni. Trekta huegeshwa likiwa bado na moto wa kazi, mahali pasipopigwa na upepo. Chini ya tangi kuna kikombe cha kioo ambamo maji yaliyomo kwenye petroli hutuama. Hufunguliwa na kumwagwa, maana tone moja la maji likiganda humo huziba njia yote ya mafuta. Petroli yenyewe iwe mpya. Viwanda vya kusafisha mafuta hutengeneza petroli ya majira ya baridi iwe nyepesi kugeuka mvuke, hivyo iliyobaki tangini tangu kiangazi ni nzito kuwaka, hata kama harufu yake haijabadilika. Platini, vile vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, husuguliwa taratibu kwa kipande safi cha karatasi ngumu. Betri huingizwa ndani ya nyumba. Na ichajiwe ijae, kwa sababu betri iliyojaa haigandi hata kwenye baridi ya kutisha, ilhali iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka.

Wazee wa zamani walikwenda mbali zaidi. Usiku walimwaga oili na maji ya rejeta, wakaiweka oili karibu na jiko, na alfajiri wakaimimina ingali vuguvugu pamoja na maji ya moto. Wengine waliweka sufuria ya makaa chini ya injini, jambo ambalo limeteketeza maghala na siwezi kulisifia. Nafuu kubwa ilitoka kwa Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, mji ulio katika bonde hilohilo. Mwaka 1949 alipata hataza ya kipasha joto cha umeme kinachofungwa mahali pa bolti moja ya kichwa cha injini. Leo katika maeneo yale kuona waya wa umeme ukining'inia mbele ya gari ni jambo la kawaida kabisa.

Kisha asubuhi inafika, na hapa ningependa twende polepole.

Kwanza swichi ikiwa imezimwa, injini huzungushwa kwa hendeli mara mbili tatu ili pistoni ziachane na oili iliyoganda. Betri haijatumika hata kidogo. Gia huwekwa huru na klachi hukanyagwa hadi chini, ili stata isilazimike kukoroga oili nzito ya gia. Choki huvutwa yote, mafuta hufunguliwa kiasi, swichi inawashwa, na kidole kinabonyeza stata.

Kuanzia hapo kinachotangulia ni sikio. Mzunguko wa kwanza ni mzito, wa pili una nafasi kidogo, na mahali fulani hutokea kishindo kimoja kifupi. Silinda moja imeshika. Mgeni hufurahi na kuendelea kubonyeza na choki ikiwa imezibwa vilevile, na petroli hulowesha plagi zote. Mzoefu huirudisha choki nusu papo hapo, maana anajua injini imeshapata mafuta na sasa inataka hewa. Pua nayo ina kazi: harufu kali ya petroli inamwambia asimame, na kukosekana kwa harufu kunamrudisha kwenye kile kikombe cha kioo.

Hatari kubwa iko kwenye injini inayoshika kidogo kisha ikazimika. Petroli inapoungua huzaa maji, na kwenye chuma chenye baridi kali mvuke wake huganda kwenye ncha za plagi. Cheche hupita ndani ya barafu badala ya kuruka hewani. Mtu anaweza kumaliza betri mbili bila kuelewa kilichotokea. Anayejua hufungua plagi, huzikausha kwenye oveni ya jikoni, na huzirudisha mbio zikiwa bado za moto. Hakuna jambo katika ufundi huu ninalolipenda kuliko hili, kwa kuwa limegunduliwa na watu waliokaa wakafikiri kwenye baridi inayomfanya kila mtu atamani kukimbilia ndani.

Farmall nyingi zilitumia magneto, kifaa kinachotoa cheche bila betri, na ndani yake springi hujikaza kisha kujiachia kwa mlio wa “tak”, ikichelewesha cheche na kuipa nguvu hata hendeli ikizungushwa polepole. Hendeli huvutwa kuelekea juu, haisukumwi chini, na dole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha pigo, mkono wa aliyeizungushia hendeli dole gumba unaweza kuvunjika. Kwenye John Deere la zamani, vibomba vidogo vya silinda hufunguliwa ili kutoa shinikizo, na gurudumu zito la pembeni husukumwa kwa mkono.

Atakayedhani mashine hizi ni dhaifu akumbuke kwamba mpanda milima Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 wakiendesha matrekta ya petroli aina ya Ferguson TE20, ndugu wa karibu wa Ford hizi, yakiwa yamefungwa minyororo ya kutambalia juu ya theluji.

Siku hizi wengi hukimbilia kopo la etha na kulipuliza kwenye bomba la hewa. Mimi sipendi. Etha hulipuka kwa ukali, huumiza injini, na humnyima mtu nafasi ya kujua ubaya uko wapi. Injini nzima ya petroli yenye cheche nzuri na mafuta mapya haiihitaji.

Nawe ukifanikiwa, irudishe choki kidogo kidogo, subiri oili ipande, halafu lipe trekta kazi ya kweli. Lisukume theluji kwa muda wa kutosha, ili unyevu ulioingia kwenye oili ukauke na jenereta irudishe kilicholiwa na stata. Jenereta hizi za zamani huchaji polepole sana. Ukilizima baada ya dakika tano, kesho asubuhi halitawaka.