Mizani Kabla ya Safari

Anayeliandaa gari la familia kwa safari ya kulala porini husifiwa kwa vitu alivyovifunga: winchi kwenye bampa, keria juu ya paa, hema la kukunjua, taa za ziada. Kwa maoni yangu sifa hizo zimeelekezwa pasipo pake. Ufundi wenyewe, ule unaostahili heshima sawa na useremala au uhunzi, ni kujua gari linamudu kubeba kiasi gani, kipi kikae wapi, na kipi kibaki nyumbani. Ni kazi ambayo haionekani gari likiwa limeegeshwa uani. Huonekana siku ya pili au ya tatu, mbali na lami, pale gari la jirani linapopandishwa jeki na hili linaendelea na safari.

Tuchukue njia ya kutoka Marsabit kwenda Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Ukishaiacha lami ya Isiolo hadi Moyale, mbele yako zipo zaidi ya kilomita 200 za vumbi, za vituta vidogo visivyokwisha, za jangwa la Chalbi ambalo zamani lilikuwa ziwa na ambalo mvua ikinyesha hugeuka tope, na hatimaye za mawe meusi ya volkano yanayochana ubavu wa tairi. Familia ya watu watano inaipita njia hii kwa pikapu ya kabini mbili. Pikapu nyingi za namna hiyo zimeundwa kubeba karibu tani moja, na nyingine hazifiki hapo. Sasa hesabu. Wazazi wawili na watoto watatu ni kama kilo 250. Kifuniko cha chuma cha nyuma ni 100, bampa la chuma na winchi yake ni 100 nyingine, hema la juu 60, friji na betri yake 50, tairi la akiba la pili 35. Maji lita 80 ni kilo 80 kamili. Dizeli ya madumu mawili ya lita 20 ni karibu kilo 34. Tayari zimetimia kilo 700 na zaidi, na hapo hatujapakia unga, sufuria, matandiko, spana wala nguo. Mwenye gari hajafanya anasa yoyote. Amenunua tu kila alichoambiwa ni cha lazima, na gari limekaribia ukingo kabla halijawashwa.

Wengi hujibu kwamba dawa ipo: fundi aongeze vipande vya springi. Gari litanyanyuka kweli, na macho yataridhika. Lakini chesisi ni ile ile, ekseli ni zile zile, na breki zilizokuwa zikisimamisha uzito wa jana ndizo zitakazosimamisha wa leo. Springi ngumu haiuondoi mtikisiko. Huupeleka kwingine, kwenye chesisi na kwenye kila bolti iliyosahauliwa. Ndiyo maana namna ya kupakia ina uzito kuliko vifaa vyenyewe. Kilo 100 zikining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma huielemea kwa zaidi ya kilo 100, kwa sababu huinua mbele pia, na usukani ukawa mwepesi mahali ambapo ungepaswa kushika. Nahodha wa jahazi aliyelijua hilo aliweka farumi chini kabisa na mizigo myepesi juu, na mpakiaji wa gari hana kanuni nyingine: maji na vyuma chini, karibu na katikati, juu ya paa vikae vilivyo vyepesi tu, maana paa la pikapu nyingi halikukusudiwa kubeba hata kilo 100 gari likiwa mwendoni. Na kwa kuwa kuna watoto, kila kitu kifungwe. Dumu la lita 20 lisilofungwa, gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huruka mbele kwa kishindo sawa na cha dumu lililoangushwa kutoka urefu wa karibu mita 10. Sioni hoja ya haraka au uvivu inayoweza kusimama mbele ya hesabu hiyo.

Upo upinzani wenye nguvu zaidi: kwamba huko mbali hakuna duka wala gereji, hivyo bora kubeba kila kitu. Naukubali nusu. Maji hayapunguzwi, tairi la akiba halipunguzwi, wala dawa. Lakini springi haivunjwi na umbali. Huvunjwa na uzito na mtikisiko, na shokapu huchemka kwa sababu hizo hizo. Kila akiba ya ziada huongeza uwezekano wa ile ajali iliyobebewa. Wapo pia wanaosema haya ni mambo ya wenye fedha. Kinyume chake, winchi ndiyo ya wenye fedha. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ni vya bei nafuu, na hakuna kifaa kinachosaidia zaidi kwenye mchanga: tairi likishushwa kutoka psi 35 hadi kama 18, sehemu inayokanyaga hurefuka na gari hupita juu badala ya kuchimba, mradi dereva apunguze mwendo na kuujaza upepo tena akifika kwenye barabara ngumu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda duka la vifaa, nenda kwenye mizani ya magari. Peleka gari likiwa na tangi limejaa, familia nzima ndani, na mizigo yote mahali pake, kisha linganisha kilo utakazosomewa na zile zilizoandikwa na kiwanda kwenye kibati cha gari. Zikizidi, anza kushusha hapo hapo.